Kabla hujalipia waranti ya ziada, isome ile uliyonayo

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, na mpaka leo hawezi kupewa karatasi asiisome. Mwaka jana nilimsindikiza Kariakoo kununua simu. Tulizunguka Mtaa wa Aggrey, tukatokea Msimbazi, na hatimaye akaipata aliyoitaka kwa shilingi 650,000. Kijana wa dukani aliiwasha, akaweka laini, akaipigia palepale ili shangazi asikie mlio. Pesa zilikuwa mezani, zimeshahesabiwa mara mbili. Hapo ndipo kijana alipotoa karatasi nyingine.

"Mama, tukuwekee na waranti ya ziada? Elfu sabini na nane tu, unaongezewa miaka miwili. Unatumia simu yako bila presha."

Shangazi akavaa miwani. "Mwanangu, wewe umeisoma hii?"

"Hapana, mama. Sisi tunauza tu. Ila wateja wengi wanachukua."

Akanigeukia. "Na wewe mwandishi, unasemaje?"

Sikuwa na la kusema. Nimeandika habari za biashara kwa miaka mingi, nimewahi hata kulipia waranti za namna hiyo, lakini sikuwahi kukaa chini nikajua ninalipia nini. Kijana, ambaye alikuwa na adabu na hakutusukuma, alituruhusu tuipige picha ile karatasi, akasema tuna wiki mbili za kuamua. Tukaondoka na simu bila ile ziada, na makala haya ni jibu nililompelekea shangazi baadaye.

Jioni ile tuliifungua picha, tukaikuza. Ilikuwa ya Kiingereza, herufi kama punje za ulezi. Ukurasa mmoja na nusu ulieleza kisicholipwa. Kinacholipwa kilitoshea mistari minne: kasoro za kiwandani. Kuanguka, hakuna. Maji, hakuna. Umeme uliopanda au kushuka, hakuna. Betri na chaji, hakuna. Simu iliyofunguliwa na fundi yeyote asiye wao, hakuna. Matengenezo ni Dar es Salaam tu, na shangazi anakaa Morogoro. Kisha kikaja kipengele ambacho alikirudia kwa sauti, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi: ulinzi huu unaanza siku waranti ya kiwanda inapokwisha.

Maana yake, angelipa elfu sabini na nane siku ile kwa huduma ambayo isingeanza mpaka mwezi wa 13.

Neno moja, karatasi nne

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Mtaani tunaita "waranti" vitu vinne ambavyo havifanani.

Kuna waranti ya kiwanda. Hii ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kifaa kilichotoka kwake na kasoro atakitengeneza bure au atakibadilisha. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huja na miezi 12, na baadhi ya kampuni huongeza mwezi mmoja juu yake. Betri, chaji na spika za masikioni mara nyingi hupewa muda mfupi zaidi. Yote hayo yameandikwa kwenye kadi ndogo inayolala chini kabisa ya boksi, ambayo wengi wetu huitupa pamoja na nailoni. Mwenye Tecno, Infinix au itel, ambazo zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China, kadi hiyo inampeleka kwenye vituo vya Carlcare. Samsung na Apple nao wana vituo au mawakala waliowaidhinisha. Bei ya waranti hii imo tayari ndani ya bei ya simu, hivyo asiyeitumia anaacha mezani kitu alichokwishakilipia.

Kuna waranti ya duka, ile inayoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti: "waranti mwezi 1", na mhuri juu yake. Hiyo ni ahadi ya mwenye duka peke yake. Ina thamani ya uaminifu wake na umri wa duka lake. Kwa simu za mtumba mara nyingi ndiyo pekee utakayoipata, na siku saba za kuijaribu simu kwa kila namna zinaweza kukufaa kuliko miaka miwili ya maneno.

Ya tatu ndiyo hii ya ziada. Wengi hudhani inaongeza mambo yanayolindwa. Inaongeza siku tu. Ni waranti ya kiwanda iliyovutwa mbele, na mara nyingi imevutwa ikiwa imepungua, kwa sababu baadhi ya sehemu zilizolindwa mwaka wa kwanza huondolewa mwaka wa pili.

Ya nne siyo waranti hata kidogo, ni bima. Hulipia kioo kilichopasuka, simu iliyozama, wakati mwingine hata iliyoibwa. Kwa kuwa ni bima, nyuma yake lazima kuwe na kampuni ya bima iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na mteja anayezungushwa ana pa kwenda kulalamika: kwa mamlaka hiyo, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nchini Kenya kazi ya usimamizi ni ya IRA. Muuzaji akikuambia "hii inalipa hata ukiidondosha", muulize jina la kampuni ya bima iliyo nyuma ya ahadi hiyo. Akikosa jina, hujauziwa bima.

Niongeze jambo kwa wale wanaoletewa simu na ndugu kutoka Dubai au Muscat. Simu hiyo inaweza kuwa mpya, halali na yenye waranti ya mwaka mzima, lakini ikawa waranti ya soko la huko. Kampuni nyingi hufunga waranti ya simu kwenye nchi au ukanda iliyokusudiwa kuuzwa. Ukiifikisha kituoni hapa, wataingiza namba ya utambulisho wa simu, IMEI, kwenye kompyuta na kukuambia simu yako haimo. Ule unafuu wa bei uliokufurahisha siku ya kwanza ulitokana kwa sehemu na hilo.

Vifaa vinakufa lini, na kwa nini

Wahandisi wana mchoro wanaoulinganisha na beseni la kuogea. Ukichora idadi ya vifaa vinavyoharibika kadiri muda unavyopita, mstari unaanza juu, unashuka, unatambaa chini kwa muda mrefu, kisha unapanda tena. Ule mwanzo wa juu ni vifaa vilivyotoka kiwandani na kilema: waya ambao haukushika vizuri, chembe ya silikoni yenye ufa. Hivyo hujionyesha mapema, siku za kwanza au miezi ya kwanza. Vilivyopona hapo hudumu kwa utulivu, mpaka uchakavu ufike na mstari upande.

Sasa weka waranti juu ya beseni hilo. Ya kiwanda inakaa kwenye ukingo wa mwanzo, mahali penye hatari ya kasoro. Waranti ya ziada, ya mwaka wa pili na wa tatu, inakaa kwenye sakafu ya beseni, mahali ambapo kasoro za kiwandani ni haba kuliko wakati mwingine wowote. Ukingo wa pili, wa uchakavu, ukianza kupanda, mkataba umekwisha au uchakavu wenyewe umetajwa miongoni mwa visivyolipwa. Muuzaji wa waranti anaujua mchoro huu kuliko mnunuzi.

Betri ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Betri za simu zetu ni za lithiamu, na huchoka kwa kuchajiwa. Apple yenyewe inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya kuchaji kikamilifu, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Anayemaliza chaji nzima kila siku anaifikia mizunguko 500 katika mwezi wa 17 hivi. Ni katikati kabisa ya mwaka wa pili, na betri haimo kwenye mkataba.

Ukitaka kujua kinachoua simu zetu, kaa nusu saa pembeni ya kibanda cha fundi. Mimi nimekaa, na si mara moja. Kioo kimepasuka. Kioo kimepasuka tena. Tundu la chaji limelegea kwa kuvutwa waya. Simu imeangukia kwenye ndoo, au mtoto kaikojolea, au ilikuwa mfukoni mvua za masika zikamkuta mtu Jangwani. Mara chache sana nimemwona fundi akifungua simu, akakuna kichwa na kusema: hii imejifia yenyewe. Karibu kila kinachofika kwake kimo kwenye ule ukurasa mmoja na nusu wa visivyolipwa.

Maji yanastahili neno zaidi, kwa sababu matangazo yamewachanganya watu. Simu yenye alama ya IP67 imejaribiwa kukaa majini kwa kina cha mita moja kwa dakika 30, na IP68 huvuka hapo kwa kiwango anachokitaja mtengenezaji. Majaribio hayo ni ya maabara, kwa maji baridi yaliyotulia. Bahari ya Coco Beach ina chumvi na mawimbi, na ndoo ya kufulia ina sabuni. Mipira inayozuia maji nayo huchakaa kadiri simu inavyotumika. Juu ya yote, kampuni zile zile zinazotangaza simu ikinyunyiziwa maji huandika kwenye kadi ya waranti kwamba uharibifu wa maji haulipwi. Ndani ya simu nyingi, mara nyingi karibu na tundu la laini, kuna stika ndogo nyeupe inayogeuka nyekundu ikiguswa na unyevu. Kituoni huanza kuangalia hapo kabla hawajakuuliza jina.

Kwa televisheni na friji, adui mkubwa wetu ni umeme. Miaka michache iliyopita nilinunua televisheni ya inchi 43 na kuilipia waranti ya ziada, kwenye duka ambalo sitalitaja. Mwezi wa 15 umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, televisheni ikabaki na taa nyekundu tu. Nilikwenda na risiti yangu, na karatasi ya waranti niliyoitunza kwenye bahasha kama cheti cha kuzaliwa. Fundi wao aliifungua, akanionyesha sehemu iliyoungua kwenye ubao wa umeme, akaandika fomu: "hitilafu ya umeme wa nje". Sikulipwa. Nilikasirika, na kwa muda mrefu niliamini nimeibiwa. Leo, baada ya kusoma mkataba wenyewe, nasema kwa uchungu kwamba hawakuvunja neno hata moja. Niliuziwa ulinzi dhidi ya jambo lililokuwa gumu kutokea, na jambo linalotokea nchini kwetu kila wiki liliachwa nje. Kifaa cha kuzuia umeme mkubwa, kile tunachokiita gadi, kingenigharimu chini ya nusu ya bei ya waranti ile.

Hesabu ya shangazi

Shangazi alitaka hesabu, nami nilimpa hii. Chukua ile waranti ya shilingi 78,000. Tuseme tatizo linalolipwa likitokea, matengenezo yake kwa fundi mzuri ni shilingi 150,000. Gawa 78,000 kwa 150,000 unapata 0.52. Ina maana mnunuzi anafaidika tu ikiwa zaidi ya nusu ya simu za aina hiyo zitapata kasoro ya kiwandani ndani ya mwaka wa pili na wa tatu. Simu ambayo zaidi ya nusu yake hufa zenyewe kabla ya miaka mitatu haifai kununuliwa, yenye waranti au isiyo nayo.

Hesabu hiyo si geni. Marekani, mwaka 2004, jarida la BusinessWeek liliandika kwamba kwa makadirio ya wachambuzi, waranti za ziada zilikuwa zinaleta karibu nusu ya faida ya uendeshaji ya maduka ya Best Buy, na faida yote ya uendeshaji ya Circuit City. Yaani duka lenye televisheni na kompyuta ukuta kwa ukuta lilikuwa halipati chochote kwa vitu hivyo, linaishi kwa karatasi. Circuit City ilifilisika Novemba 2008, na maduka yake ya mwisho yalifungwa Machi 2009.

Waingereza waliamua kulichunguza jambo hili. Tume yao ya Ushindani ilitoa ripoti Desemba 2003, ikasema soko la waranti za ziada za vifaa vya umeme vya nyumbani halina ushindani wa haki, kwa sababu mteja hukutana na bei ya waranti akiwa kaunta, amechoka, hana pa kulinganishia. Tangu Aprili 2005 maduka ya huko yanalazimika kuonyesha bei ya waranti pembeni ya bei ya bidhaa, na aliyenunua waranti ya zaidi ya mwaka mmoja ana siku 45 za kubadili mawazo na kurudishiwa pesa zote, ikiwa hajaitumia. Italia, Desemba 2011, mamlaka ya ushindani iliitoza Apple faini ya yuro 900,000. Kosa lake lilikuwa kuwauzia watu AppleCare, waranti yake ya ziada, bila kuwaeleza wazi kwamba sheria tayari inamwajibisha muuzaji kwa miaka miwili. Watu walikuwa wananunua haki waliyokuwa nayo.

Najiuliza ni wangapi kati yetu tunafanya hivyo hivyo. Kwenye maduka mengi ya Dar kuna kibao: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Tumekizoea hata tunadhani ni sheria ya nchi. Sheria ya nchi ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inachukulia kwamba bidhaa inayouzwa na mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo ni ya ubora unaostahili kuuzwa. Hili linakuwepo kwenye mauziano hata kama hakuna aliyelitamka. Ila kuna sharti ambalo kila mnunuzi alijue: ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo usikague simu kwa kuipapasa tu. Piga picha mbele na nyuma, cheza wimbo, piga simu, chomeka chaji, gusa kioo kila pembe. Kenya wamekwenda mbele zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba yao ya 2010 inataja haki ya mlaji ya kupata bidhaa zenye ubora unaoridhisha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inabatilisha kipengele cha mkataba kinachojaribu kuuondoa wajibu huo wa muuzaji. Kwetu, malalamiko ya namna hii yana pa kupelekwa: Tume ya Ushindani, FCC, iliyopewa kazi ya kumlinda mlaji na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Lakini huwezi kwenda popote mikono mitupu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ambayo msemo huo unaihusu kama simu. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, EFD, na hakikisha imeandikwa aina ya simu na IMEI yake. Bonyeza *#06#, namba itokee kwenye kioo, ilinganishe na ya kwenye boksi na ya kwenye kadi ya waranti. Itume kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani. Wengi wanakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia usiku mmoja. Walioamka na simu zisizopokea mtandao, "waranti" za dukani hazikuwasaidia. Piga picha ya risiti pia, maana maandishi ya mashine zile hufifia. Nimeona risiti ya miezi minane iliyobaki nyeupe kama karatasi mpya.

Wapo wanaopaswa kulipia

Sitaki msomaji aondoke na wazo kwamba kila ulinzi ni upotevu. Bima ina mahali pake, na mahali hapo ni pale ambapo hasara ikikupata huwezi kusimama tena. Dereva wa bodaboda au teksi anayepata wateja kwa programu ya simu, kioo kikipasuka Jumatatu, Jumanne hana kazi. Mpiga picha wa harusi ana kamera ya milioni nne na hana akiba ya kununua nyingine kabla ya msimu kuisha. Mwanafunzi ametumia mkopo wa familia nzima kununua kompyuta mpakato. Hao simu au kompyuta yao ni jembe. Kwao ningependekeza bima ya ajali, ile inayotaja kuanguka na maji kwa maneno, kutoka kampuni yenye jina na leseni, hata kama itagharimu zaidi ya waranti ya ziada.

Na wakati wa kuikata, waulize kwanza mteja anachangia kiasi gani kila anapodai, kwa sababu bima nyingi za simu humtaka mteja alipe sehemu ya gharama. Kioo cha laki mbili ambacho wewe unakichangia elfu themanini hakijalipiwa kama ulivyodhani. Waulize unaruhusiwa kudai mara ngapi kwa mwaka. Waulize thamani ya simu inahesabiwaje: ya siku uliyonunua, au inapunguzwa kila mwezi? Waulize matengenezo yanafanyikia wapi, na mtu wa Mtwara au Kigoma atafikishaje simu yake huko, na kwa nauli ya nani. Waulize wakikuwekea kioo kitakuwa OG au cha kuiga. Muuzaji anayeijua bidhaa yake atajibu yote kwa dakika tano. Asiyeijua atakuambia "vigezo na masharti kuzingatiwa", kama tangazo la redio linapofika mwisho.

Wanaochukua simu za mkopo, zile za kulipa kila siku, wakague mkataba kabla ya kuongeza chochote. Baadhi ya mikopo hiyo ina bima ndani ya malipo ya kila siku, na nimekutana na mama ntilie Temeke aliyekuwa analipa mara mbili kwa kioo kile kile.

Kisha kuna kitu ambacho hakuna karatasi yoyote kati ya zile nne inayokilinda: picha, namba na ujumbe. Kituo kikibadilisha ubao wa simu, kila kilichokuwemo kinaondoka, na kadi ya waranti inasema hivyo waziwazi. Picha za mwisho za marehemu baba yako hazina fidia. Zihifadhi mahali pengine kabla simu haijaugua.

Kwa sisi wengine, ambao simu ikiharibika ni usumbufu na si njaa, nafuu ipo kwingine. Nilimwambia shangazi azichukue zile elfu sabini na nane na kuzigawa. Elfu ishirini na tano zilitosha kava nene na protekta ya kioo. Elfu hamsini na tatu aliziweka kwenye kibubu cha simu yake, mbali na pesa za matumizi, na kila mwezi anaongeza elfu tano. Mwezi wa tano wa kuwa na simu, ilimponyoka kwenye ngazi za kanisa. Protekta ilipasuka, kioo kikabaki. Alinunua nyingine kwa elfu saba. Kibubu kimeendelea kukua, na kitalipia betri wakati wake ukifika, jambo ambalo ile waranti isingefanya.

Nina ombi kwa FCC na TIRA. Karatasi ya waranti au bima inayouzwa kwa Mtanzania iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na visivyolipwa vitangulie. Bei yake ibandikwe pembeni ya bei ya simu, mteja aione kabla hajafika kaunta. Na aliyeinunua apewe siku za kuirudisha. Haya mawili ya mwisho Waingereza wanayafanya tangu 2005, na maduka yao hayakufa kwa sababu hiyo.

Na kwako msomaji: leo litafute boksi la simu yako, itoe ile kadi, uangalie tarehe. Kama miezi 12 haijatimia, kumbuka kasoro ile ndogo uliyoizoea, spika inayokwaruza, chaji isiyoshika mpaka uupinde waya, kamera yenye ukungu. Ikiwa ni ya kiwandani na muda wake kwenye kadi haujapita, una haki ya kutengenezewa bure. Jumatatu ipeleke.